Mfadhili Akishafunga Virago

Hotuba ya mwonjaji kahawa mstaafu mbele ya wanafunzi na wanachama wa vyama vya msingi, Moshi

Shimbonyi, ndugu zangu. Wazee wangu mlioteremka kutoka Kibosho, Uru, Machame na Marangu, shikamooni. Akina mama wenzangu, wanangu wanafunzi, asanteni kwa kunipa muda wenu.

Nimeombwa nizungumze juu ya misaada na biashara, jinsi vinavyoinua nchi au kuiangusha. Mimi si mchumi. Kazi yangu ilikuwa ulimi. Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya meza ya vikombe hapa Moshi, navuta kahawa kwa kijiko, naionja, naitema, naandika daraja. Kahawa ya Mbinga, ya Mbozi, ya Tarime, yote ilikuwa ikiletwa hapa kukobolewa, kuonjwa na kupigwa mnada. Kikombe kilikuwa kinanieleza ni mkulima gani aliyeacha buni ikalala majini kupita kiasi, na nani aliyeianika chini badala ya kwenye kichanja. Kitu kimoja tu kikombe hakikuwahi kunieleza: kwa nini kahawa ileile, yenye utamu uleule, mwaka huu inasomesha watoto na mwaka ujao haitoshi hata kununua dawa ya kuinyunyizia.

Nianze na mama yangu. Kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, kilikuwa na migomba, na chini ya migomba mibuni. Mama alipalilia, alichuma, alimenya kwa mashine ya mkono, aliosha, alianika, na mvua ikitishia usiku aliamka kufunika. Lakini jina kwenye kadi ya chama lilikuwa la baba. Siku ya malipo baba alivaa koti, akaenda chamani. Simlaumu baba yangu, kwa maana fedha ile ndiyo iliyonisomesha. Ila nilikua nikijua mapema kwamba anayechuma na anayepokea malipo wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Nilipoanza kazi nikaona jambo lilelile kwa ukubwa wa dunia. Nchi inachuma. Jina kwenye kadi ni la mwingine.

Baba aliandika kwenye daftari kila kilo aliyopeleka na kila shilingi aliyolipwa, na daftari hilo ninalo hadi leo. Ukilifungua unaona miaka miwili ambayo mwandiko wake umekuwa mkubwa kwa furaha, 1976 na 1977. Julai 1975 baridi kali iliunguza mashamba ya Brazil, bei ya dunia ikapaa. Sisi hatukufanya lolote la ziada, tuliamka tu tukakuta tuna fedha. Na katika mwaka huohuo wa 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, pamoja na KNCU, chama chetu kikuu cha Kilimanjaro, kilichoanzishwa mwaka 1933 kurithi chama cha wakulima Wachagga cha 1925. Chombo ambacho wazee wetu walikijenga ili wauze kwa sauti moja, kiliondolewa wakati ambapo fedha ilikuwa inaingia. Kilirudishwa mwaka 1984, fedha ikiwa imeshapita. Mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Sasa tufike mwaka 1989, kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Tangu mwaka 1962 kulikuwa na Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa. Nchi zinazolima na nchi zinazokunywa zilikubaliana viwango: kila mzalishaji auze kiasi fulani tu, ili soko lisifurike na bei isianguke. Wanywaji walikubali kulipa bei ya juu kuliko ile ambayo soko huria lingewapa. Kwa nini Marekani, inayosifu soko huria kuliko nchi yoyote, ilikubali jambo kama hilo? Iliogopa. Mwaka 1959 Cuba ilikuwa imepinduka, na Marekani ilihofia kwamba wakulima wa kahawa wa Amerika ya Kusini na ya Kati wakifa njaa nao watageukia upande wa pili. Kwa hiyo bei ile nzuri ilikuwa msaada, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Haikuja na bendera wala kibao cha mradi. Ilikuja ndani ya bei, ikafika hadi kwenye daftari la baba yangu.

Julai 1989 viwango vikaondolewa. Vita baridi ilikuwa inafikia ukingoni, hofu imepungua, na aliyeogopa jana hakuwa na sababu ya kulipa leo. Bei ikaporomoka karibu nusu katika kipindi kifupi. Hakuna mtu aliyekuja Kibosho kutuambia mfadhili ameondoka. Hatukujua hata kwamba alikuwepo.

Wanangu, lishikeni hilo. Mara nyingi msaada mkubwa kuliko yote ni mlango wa soko ulioachwa wazi na bei iliyoshikiliwa isianguke. Gari jeupe lenye nembo ni dogo mbele ya hayo. Na mlango huo hufunguliwa kwa sababu za aliyeufungua, si kwa sababu zetu.

Niwapeleke mbali kidogo. Mwaka 1980 Ujerumani Mashariki ilikuwa na shida ya kahawa. Baada ya ile bei ya 1976 na 1977 haikuwa na fedha za kigeni za kuinunua, na wananchi wake walikasirika. Ikaingia mkataba na Vietnam, nchi iliyokuwa imetoka vitani, maskini kuliko sisi. Wajerumani walileta mashine, malori, mabomba ya kumwagilia na wataalamu, wakasaidia kufungua mashamba katika nyanda za Dak Lak. Makubaliano yalikuwa kwamba nusu ya mavuno iende Ujerumani Mashariki kwa miaka ishirini. Mbuni hauzai siku unapopandwa, ninyi mnajua. Wakati mashamba yale yanaanza kutoa mavuno ya maana, Oktoba 1990, Ujerumani Mashariki ikatoweka kwenye ramani. Mfadhili hakuondoka tu, alikufa.

Vietnam ikabaki na nini? Ilibaki na mashamba, na watu waliojua kuyamwagilia. Ikawa tayari na sera mpya tangu 1986 zilizompa mkulima haki ya kutumia ardhi kwa muda mrefu na kuuza anachovuna. Mwaka 2000 ilikuwa tayari nchi ya pili duniani kwa kahawa, nyuma ya Brazil tu, na leo inazalisha zaidi ya tani milioni moja na nusu kwa mwaka katika miaka mizuri. Sisemi kila kitu kule kilikuwa chema. Misitu ilikatwa, maji ya ardhini yalinyonywa, na wenyeji wa nyanda zile walisukumwa pembeni. Ila jibu lao kwa mfadhili aliyekufa lilikuwa kwamba kazi iliendelea.

Na kahawa hiyohiyo ya Vietnam ndiyo iliyokuja kutubomoa hapa. Soko lilifurika. Mwishoni mwa 2001 ratili moja, karibu nusu kilo, ya arabika, aina tunayolima sisi, katika soko la New York iliuzwa chini ya senti 50 za dola. Mimi nilikuwa mezani na vikombe vyangu. Kahawa ilikuwa nzuri mwaka ule, nakumbuka ladha yake, na ilikuwa inauzwa kama makapi. Jumamosi moja nilipanda nyumbani nikamkuta baba anang'oa mibuni ya upande wa chini, karibu na mfongo, mfereji wetu wa asili. Alipanda mahindi na nyanya. Sikumwambia neno. Ningemwambia nini? Kwamba ladha yake ilikuwa daraja la kwanza?

Lakini si Vietnam peke yake iliyotubomoa. Kabla ya biashara huria ya miaka ya 1994 na 1995, chama kilimkopesha mkulima dawa na kuikata kwenye malipo. Wanunuzi binafsi walipoingia walileta fedha taslimu mkononi, na tuliwapenda kwa hilo, lakini hawakuwa na wajibu wa kukopesha dawa. Mkulima akauza kahawa kwa huyu huku deni liko kwa yule, chama kikabaki na madeni, na mibuni ikabaki bila kunyunyiziwa. Ugonjwa wa chulebuni ukala matunda, ugonjwa wa kutu ukala majani. Bei ilipoanguka ikakuta mbuni wenyewe umeshaugua.

Sasa nizungumzie msaada uliobaki. Pale Lyamungo, mwendo mfupi kutoka hapa, kuna kituo cha utafiti kilichoanza miaka ya 1930. Mwaka 2001 kikawa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI. Sehemu kubwa ya fedha za kuifufua ilitoka Umoja wa Ulaya, kupitia mfuko wa Stabex, uliowekwa kufidia nchi kama yetu pale mapato ya mazao yanapoanguka. Fidia ile ingeweza kugawanywa ikaliwa mwaka mmoja. Badala yake sehemu yake ilikwenda kwenye miche. Kufikia 2005 aina chotara zilizidhinishwa, zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, na wanaozalisha miche yake ni vikundi vya wakulima wenyewe, wengi wao akina mama, vijijini mwao. Na utafiti haukuachwa ukae kwenye mfuko wa Ulaya peke yake, makato ya mauzo ya kahawa yetu nayo yanaulisha. Hapo kwetu tulipong'oa, leo kuna mibuni mipya mia na kidogo. Sijawahi kuipiga dawa ya chulebuni hata mara moja.

Upande wa pili wa mji, ukiteremka kuelekea Mabogini na Chekereni, mtaona mpunga. Skimu ya Moshi Chini ilijengwa kwa msaada na mkopo wa Japani ikakamilika mwaka 1987: hekta 2,300, kati yake hekta 1,100 za mpunga, maji kutoka Njoro na Rau. Hekta iliyokuwa ikitoa tani mbili ikaanza kutoa hadi sita. Halafu likatokea ambalo michoro ya wahandisi haikuliweka. Majirani walio juu ya skimu waliona faida, nao wakalima mpunga, wakachukua maji kabla hayajafika chini. Mifereji ya saruji ikabaki mikavu msimu baada ya msimu katika sehemu ya eneo lile, na ugomvi ukawa mkubwa. Wapo walioandika kwamba mradi ulishindwa. Mimi naona ujuzi ulivuka mipaka ya mradi. Majirani hawakualikwa, walijifunza kwa kuchungulia! Kilichokosekana kilikuwa kukaa chini na watu wa juu kuhusu maji, kama wazee walivyokaa karne nyingi kupanga zamu za mfongo. Hilo hakuna Mjapani angeweza kutufanyia. Na mwaka 1994 kikaanzishwa Chuo cha mafunzo ya kilimo hapohapo, wakulima wa mpunga wakaja kujifunza kutoka mikoa mingine ya nchi.

Nikae kidogo hapo, maana mpunga una somo ambalo kahawa haina. Mchele unaoingia Afrika Mashariki kutoka nje unatozwa ushuru wa asilimia 75 kwa kiwango cha pamoja cha Jumuiya, ingawa Kenya imeomba iendelee na asilimia 35. Ushuru huo umepangwa na sisi, nchi za Jumuiya yenye makao yake Arusha, mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa. Kwa hiyo mkulima wa Chekereni ana ujuzi aliosaidiwa kuupata na ana ukuta uliojengwa na serikali zake, na ng'ambo ya Holili na Namanga ana mnunuzi. Vitu vitatu pamoja. Vikikosekana viwili, kimoja hakitoshi. Ndiyo maana nilikasirika Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio liliondolewa kwa masharti baada ya siku chache, lakini malori yalishalala mpakani. Nikajiuliza pia swali gumu zaidi: je, mahindi yetu tunayakausha na kuyapima inavyopasa? Mnunuzi anayekukataa kwa kisingizio na mnunuzi anayekukataa kwa haki wote wawili unawashinda kwa kipimo kilekile cha maabara.

Kuna msaada ambao haukubaki na kitu. Nimeushuhudia. Kijiji kimoja nilichokuwa nikikifanyia kazi kililetewa mtambo wa kumenya kahawa, mpya, umepakwa rangi. Ulizinduliwa kwa ngoma. Msimu wa pili kikavunjika kipande kimoja kisichozidi kiganja changu. Kipande hicho hakikuuzwa Moshi, wala Arusha, wala Dar es Salaam. Fundi wetu angeweza kukichonga, ila hakuna aliyempa mchoro. Mtambo ule ukawa mahali pa kuku kutagia. Wazee wa kijiji hawakuwa wavivu wala wajinga. Walipewa chuma bila ujuzi wa chuma.

Wenzetu wa Korea Kusini nao walipokea misaada mingi. Baada ya vita vyao vilivyokwisha 1953, sehemu kubwa ya bidhaa walizoagiza kutoka nje zililipiwa na Marekani. Mwaka 1965 waliporudisha uhusiano na Japani walipata dola milioni 300 za ruzuku na milioni 200 za mikopo, na sehemu ya fedha hizo ikajenga kiwanda cha chuma cha Pohang ambacho wengi nje walidai hakitalipa. Mwaka 1964 mauzo yao ya nje yalifika dola milioni 100, na 1977 yalifika bilioni 10. Walikuwa na utawala wa mkono wa chuma ambao siwatakii ninyi wanangu. Lakini rais wao alikaa kila mwezi kwenye kikao cha mauzo ya nje, akiuliza nani ameuza nini na nani amekwama wapi. Msaada waliutumia kujenga kitu cha kuuza, kisha wakahesabu walichouza.

Sisi tulikuwa na onyo mapema. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililopitishwa hapo jirani, lilisema wazi kwamba misaada na mikopo inaweza kuhatarisha uhuru wetu. Mwalimu Nyerere hakuandika hayo kutoka hewani. Desemba 1965 tulivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, ambako walowezi Wazungu walikuwa wamejitangazia uhuru wao, na mkopo wa pauni milioni saba na nusu ukasimamishwa. Alilipa bei ya msimamo wake. Kinachonisikitisha ni kwamba miaka kumi baadaye, onyo likiwa bado linakaririwa mashuleni, na mimi nililikariri, tulikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zinazopokea misaada mingi zaidi.

Na mkono mtupu haulambwi. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vifufuke. Mwaka 2017 wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na AGOA, upendeleo wa kuuza Marekani bila ushuru, ikawekwa mezani ipitiwe upya. Kenya, Uganda na sisi tulirudi nyuma. Rwanda haikurudi, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye upendeleo huo. Nendeni pale soko la Memorial mwulize akina mama wanaofungua marobota alfajiri, watawaambia mitumba inawalisha, na ni kweli. Siwezi kusimama hapa niwatukane. Nasema tu kwamba uamuzi wa nguo tutakayovaa ulifanyika mbali na Memorial.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai Mosi shirika lao la USAID lilikuwa limefungwa. Miongoni mwenu wapo waliopoteza kazi wiki ile, wakiwa wanahudumia wagonjwa. Poleni. Mwaka huohuo, Februari, bei ya arabika New York ilivuka dola nne kwa ratili, rekodi mpya. Kwa mara nyingine tuliamka tukakuta fedha, kama baba yangu mwaka 1976. Na mara hii Kilimanjaro si kinara wa kahawa ya nchi tena. Kagera, Ruvuma na Songwe wametupita. Wengi wetu tulikuwa na mibuni ya babu, mizee, iliyopungua, tukaitazama bei kama mtu anayetazama basi likipita akiwa hana nauli.

Bado tuna jina. Nchini Japani kahawa ya Tanzania inauzwa kwa jina la Kilimanjaro, hata ile ya Mbinga. Kwa utaratibu wa soko lao, mchanganyiko wenye asilimia 30 tu ya kahawa yetu unaweza kubeba jina la mlima huu. Waethiopia walikuwa na hali inayofanana, na tangu 2005 wakaanza kusajili Sidamo, Harar na Yirgacheffe kama alama zao za biashara. Kampuni ya Starbucks ilipinga, na Juni 2007 ikakubali kutia saini. Walisaidiwa na wanasheria na wanaharakati wa nje. Huo ndio msaada ninaoutaka sisi tuuombe. Tusiombe mtambo mwingine wa kumenya, tuombe mwanasheria wa kutusaidia kulishika jina. Tuombe maabara ya kupima sumukuvu, na fundi wetu apewe mchoro wa kipande. Sheria mpya ya Ulaya ya kukataa mazao ya misitu iliyokatwa itataka kila gunia lionyeshe limetoka shamba lipi, na imesogezwa mbele zaidi ya mara moja. Tutumie muda huo kupima vihamba vyetu wenyewe, na takwimu hizo zikae kwenye vyama vyetu, zisikae kwenye kompyuta ya mnunuzi. Na kadi za chama ziandikwe majina mawili, la baba na la mama.

Jambo la mwisho. Kwenye meza ile ya nyuma nimepanga vikombe. Upande wa kulia ni kahawa ya kopo kutoka nje, ileile mnayonunua dukani. Upande wa kushoto ni kahawa ya kihamba changu, ya miche ya Lyamungo, niliyoikaanga mwenyewe asubuhi hii. Mama yangu alilima kahawa kwa miaka arobaini, na mara ya kwanza kuionja ya kwake, iliyokaangwa vizuri, alikuwa mzee, mimi ndiye niliyempa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza ilikuwa inauzwa shilingi ngapi huko ilikokuwa ikienda.

Vuteni kwa kijiko, kwa kelele, msione aibu. Ndoo ya kutemea iko chini ya meza. Karibuni kabla haijapoa.